Haki za Wana wa Adamu

Neno "binadamu" tunalitamka kila siku bila kulichungua. Ukilifungua utakuta ndani yake "bin Adamu", yaani mwana wa Adamu. Kwa hiyo tunaposema kwa Kiswahili "haki za binadamu", tunakuwa tumekwisha kusema jambo la imani kabla ya kufika kwenye jambo la sheria. Tunasema kwamba yapo mambo anayostahili mtu, si kwa sababu ya kabila lake, mali yake wala elimu yake, bali kwa sababu amezaliwa katika ukoo ule mmoja ambao sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo inasema uliumbwa kwa mfano wa Mungu.

Hata hivyo, makanisani mwetu neno hilo limepata sifa mbaya kidogo. Mwalimu wa shule ya Jumapili au wa darasa la kipaimara akisema kwamba atawafundisha vijana haki zao, hawakosi wazazi wa kuguna. Wanasema haki zimewaharibu watoto. Wanasema ni mambo yaliyoletwa na ndege kutoka ng'ambo. Wanasema mtoto akifundishwa haki atasahau kuamkia. Hofu hiyo haitoki hewani, na hatuwezi kuidharau. Lakini tunadhani inatokana na kusahau. Somo la haki za binadamu halikuja kwetu juzi. Lilifundishwa katika pwani yetu hii, katika shule za Kanisa, kwa watoto waliokuwa wameuzwa, zaidi ya miaka 80 kabla Umoja wa Mataifa haujaandika tamko lake. Tukikumbuka jinsi lilivyofundishwa, na mahali lilipokosewa, tutajua namna ya kulifundisha leo.

Tuanzie Unguja. Mwaka 1864 Askofu William Tozer na mwenzake Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ile tuliyozoea kuiita UMCA, walifika Zanzibar. Misheni yao ilikuwa imeshindwa kule Nyasa, ambako askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, alifariki mwaka 1862. Wakati huo soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa bado wazi. Haukupita muda, Sultani Majid akampa Tozer wavulana watano waliokuwa wamekamatwa ndani ya jahazi la watumwa. Hao watano ndio waliokuwa darasa la kwanza.

Tutulie kidogo hapo. Mwalimu wa siku hizi akianza kazi hukuta watoto waliolelewa na mama na baba, wenye majina na makwao. Wale watano walikuwa wametembezwa kutoka bara hadi pwani wakiwa bidhaa. Walikuwa wamepimwa kwa macho, wamekadiriwa bei, wamehesabiwa pamoja na mizigo. Hawakujua lugha ya mwalimu, na mwalimu hakujua lugha zao. Unamfundisha nini mtoto wa namna hiyo siku ya kwanza? Huwezi kuanza na orodha ya haki. Unaanza kwa kumuuliza jina lake na kungoja ajibu.

Kadiri manowari za Uingereza zilivyozidi kukamata majahazi ya watumwa, ndivyo watoto walivyozidi kuletwa. Wavulana waliwekwa Kiungani, kusini kidogo ya mji, na wasichana Mbweni, ambako Caroline Thackeray aliongoza shule yao kwa miaka mingi. Steere alijifunza Kiswahili kwa bidii, akakiandikia sarufi, akaanza kutafsiri Maandiko. Kwa hiyo watoto hao, ambao wengi wao hawakuzaliwa na Kiswahili, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kusoma na kuandika Kiswahili kwa herufi hizi tunazotumia leo.

Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash, akisukumwa na nguvu ya Uingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga biashara ya watumwa ya baharini, na soko la Zanzibar likafungwa. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka huohuo, jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo likawekwa katika uwanja wa soko lile. Inasimuliwa kwamba altare iliwekwa pale uliposimama mti wa kuwafungia watumwa na kuwachapa. Wengi wetu tumefika mahali pale na kusimama kimya. Steere, aliyesimamia ujenzi huo, alifariki mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya altare.

Lakini jengo peke yake si ushindi. Ushindi ulionekana kwa wanafunzi. John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano, alipewa daraja la ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utotoni, alisoma Kiungani, akapelekwa Canterbury huko Uingereza kuendelea na masomo, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa ukasisi. Alifanya kazi Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, katika nchi ya Wayao wenzake. Watu wa nchi ile walikuwa wameona watoto wengi wakichukuliwa kwenda pwani. Sasa walimwona mmoja akirudi akiwa na kitabu mkononi, kuhani wa Mungu Aliye Juu. Hakuna hotuba juu ya thamani ya mtu inayoweza kushinda jambo hilo.

Kuna kazi moja iliyofanyika Kiungani ambayo tunaiona kuwa kiini cha habari hii. Wavulana wa shule ile waliombwa waandike habari za maisha yao: walizaliwa wapi, walichukuliwaje, walipita wapi, waliuzwa mara ngapi, walifikaje Unguja. Mwalimu wao, A. C. Madan, ambaye baadaye alijulikana kwa kamusi zake za Kiswahili, alizikusanya habari hizo, akazitafsiri kwa Kiingereza na kuzichapisha London mwaka 1887 katika kitabu kiitwacho kwa jina la shule yao, Kiungani.

Fikirini maana yake. Mtumwa anaandikwa na wengine. Jina lake lipo katika daftari la mfanyabiashara, karibu na bei yake. Au lipo katika ripoti ya nahodha wa manowari, katika jumla ya waliookolewa. Yeye mwenyewe haandiki kitu. Mvulana wa Kiungani alipopewa karatasi na kalamu na kuambiwa "andika yaliyokupata", alirudishiwa kitu ambacho mkataba wa Sultani haukuweza kumrudishia. Aliambiwa kwamba yaliyompata yana maana, kwamba yeye ni shahidi anayeaminika, na kwamba dhuluma aliyotendewa ina jina na inapaswa kujulikana. Mwanafunzi anayeweza kusema "nilitendewa hivi, na haikuwa haki" amekwisha kuelewa somo la kwanza la haki za binadamu. Na mwanafunzi wa pili anayeisoma habari hiyo na kusema "huyu ni kama mimi" amekwisha kuelewa somo la pili.

Sasa tuvuke twende Mombasa, maana huko somo hilohilo lilitiwa katika mtihani mgumu zaidi. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na miaka miwili baadaye yeye na Johannes Rebmann wakaanzisha kituo cha Chama cha Misheni cha Kanisa, yaani CMS, huko Rabai. Kwa muda mrefu waumini walikuwa wachache mno. Nguvu mpya ilitoka mahali ambapo hakuna aliyepatazamia: India. Watoto wa Kiafrika waliookolewa baharini walikuwa wamepelekwa Bombay na kusomeshwa huko, na baadhi yao katika shule ya misheni karibu na Nasik. Kuanzia miaka ya 1860 baadhi yao walianza kurudi Afrika wakiwa mafundi, walimu na wakalimani. Watu wakawaita Waafrika wa Bombay. Mwaka 1875 CMS ilianzisha kijiji cha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watumwa walioachiliwa, na walimu wengi wa kijiji kile walitoka katika kundi hilo. Jina la Kengeleni, ambalo kila dereva wa matatu wa Mombasa analijua, linatokana na kengele ya kijiji hicho.

Mmoja wa Waafrika wa Bombay aliitwa William Jones. Alikuwa Myao, aliuzwa utotoni, akafundishwa uhunzi India, akarudi na kufanya kazi Rabai. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa ushemasi pamoja na mwenzake Ishmael Semler. Mwaka huohuo Jones alifuatana na Hannington katika safari ya kwenda Buganda. Askofu aliuawa Busoga, na Jones ndiye aliyewaongoza waliobaki kurudi pwani.

Kule Rabai, Jones alikuwa na jambo jingine moyoni. Watumwa wa mashamba ya pwani walikuwa wakitoroka na kuja misheni. Sheria ya nchi iliwahesabu kuwa mali ya watu, kwa sababu mkataba wa 1873 ulifunga biashara ya baharini tu. Haukufuta utumwa wenyewe. Wawakilishi wa Uingereza waliwaonya wamisionari wasipokee watoro, na misheni yenyewe ilitoa maagizo hayohayo, kwa kuogopa vita. Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Huko Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, Wakristo wachache wa Kiafrika walikuwa wameanzisha kijiji kilichowapokea watoro, na kiongozi mmoja wao, David Koi, aliuawa kwa ajili hiyo mwaka 1883.

Leo neno "mtoro" tunampa mwanafunzi anayekimbia shule. Enzi zile mtoro alikuwa anakimbilia shule.

Basi Jones alifanyaje? Alikuwa na agizo la wakubwa wake upande mmoja, na upande wa pili alikuwa na mtu mlangoni, usiku, mwenye alama za minyororo. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtu huyo. Watoro walipokelewa Rabai. Walijenga, walilima, wakakaa katika mafundisho pamoja na wengine. Mwaka 1888 wenye watumwa walikasirika na kutishia kuishambulia misheni, na ilipochunguzwa ikaonekana kwamba watoro waliokuwa wakiishi katika vituo vya misheni walikuwa mamia kwa mamia. George Mackenzie, mkuu wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, aliona kwamba kuwarudisha ni aibu na kutowarudisha ni vita. Akafanya mapatano: wenye watumwa walipwe fidia, na watoro wapewe hati za uhuru. Tarehe 1 Januari 1889 hati hizo zilitolewa Rabai. Walioachiliwa walikuwa zaidi ya 1,400.

Mwalimu anaweza kukaa na wanafunzi wake juu ya habari hii kwa wiki nzima na isiishe utamu. Anaweza kuwauliza: Je, Jones alivunja sheria? Naam, alivunja agizo. Je, alitenda dhambi? Hapo wafungue Kumbukumbu la Torati sura ya 23, mahali ambapo Israeli wanakatazwa kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyewakimbilia. Kisha wafungue Waraka kwa Filemoni, ambamo Paulo anamrudisha Onesimo, lakini anamrudisha akiwa ndugu mpendwa, akiahidi kulipa deni lake mwenyewe. Wajadili. Halafu awaulize swali gumu zaidi: fidia ilipaswa kulipwa kwa nani? Waliolipwa ni wenye watumwa. Aliyefanya kazi bila ujira miaka kumi hakulipwa hata pesa moja, alipewa karatasi. Karatasi hiyo ilikuwa ya thamani kubwa, lakini mwanafunzi ataona mwenyewe kwamba rehema ilitangulia na haki ilikuja nyuma ikichechemea.

Tukiishia hapo tutakuwa tumesema nusu ya kweli. Kanisa lililofundisha uhuru halikuwa safi. Kwanza, biashara ya watumwa haikuwa dhambi ya watu wa dini moja. Wakristo wa Ulaya waliwavusha mamilioni ya Waafrika katika bahari ya Atlantiki, na katika karne ya 18 Wafaransa walikuja Kilwa kununua watu kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Mauritius na Réunion. Na huku kwetu wapo machifu wa bara waliouza jirani zao. Mwalimu Mkristo akifundisha historia hii kana kwamba ni hesabu ya dhambi za Waislamu, atakuwa amewafundisha wanafunzi wake chuki kwa jina la haki, na hesabu yenyewe atakuwa ameikosea.

Pili, ndani ya vijiji vya misheni wenyewe kulikuwa na mambo ya kusikitisha. Mapema miaka ya 1880 ilijulikana kwamba msimamizi wa Kizungu wa Frere Town alikuwa akiwachapa viboko vikali watu wale wale waliokimbia viboko. Habari zilifika Uingereza, na chama cha misheni kikalazimika kuchunguza. Kule Masasi pia, ambako UMCA iliwapeleka baadhi ya walioachiliwa kuanzia mwaka 1876, adhabu ya viboko ilitumika. Waafrika wa Bombay, waliofundisha, kuhubiri na kutafsiri, walilalamika kwamba mishahara yao na heshima yao havikulingana na kazi yao, na kwamba Mzungu aliyefika jana aliwekwa juu yao.

Tunayataja haya kwa sababu yana somo ambalo hakuna kitabu cha shule kinachoweza kulifundisha vizuri zaidi. Wanafunzi wa Frere Town walisikia darasani kwamba katika Kristo hakuna mtumwa wala huru, kama Paulo anavyowaandikia Wagalatia. Kisha wakatoka nje wakaona kiboko. Ni somo gani walilolishika? Mtoto hujifunza haki kwa sikio mara moja, na kwa jicho mara kumi. Na bado neno lile la darasani halikupotea, maana walimu wa Kiafrika walipodai kutendewa sawa, walidai kwa kutumia Injili ileile waliyofundishwa. Ukimfundisha mtu kweli, uwe tayari akuulize juu yako mwenyewe.

Mbegu hiyo iliendelea kuota. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Mwaka 1934 James Juma Mbotela, mwalimu aliyezaliwa katika jamii ya walioachiliwa ya Frere Town, alichapisha kitabu chake Uhuru wa Watumwa, akisimulia kwa Kiswahili yaliyowapata wazee wake. Wahakiki wamesema kwamba anawasifu mno Waingereza, na ni kweli. Lakini tazameni hatua iliyopigwa. Wavulana wa Kiungani waliandika, na mwalimu wao akatafsiri na kuchapisha. Mbotela aliandika mwenyewe, kwa lugha yake, kwa ajili ya wasomaji wa kwao, na kitabu chake kikasomwa na wanafunzi wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi.

Tarehe 10 Desemba 1948, mjini Paris, Umoja wa Mataifa ulipitisha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Nchi 48 zilikubali, 8 hazikupiga kura upande wowote, na hakuna iliyokataa. Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar hazikuwa na kiti, kwa kuwa zilikuwa bado chini ya wengine. Ndiyo sababu wengine husema kwamba tamko lile si letu. Lakini soma kifungu cha 4, kinachokataza utumwa na biashara ya watumwa, kisha uulize ni nani duniani wenye haki ya kukiita chao kuliko watu wa pwani hii. Soma kifungu cha 26, kinachosema kwamba kila mtu ana haki ya kupata elimu, na kwamba elimu hiyo ikuze utu wa mtu na kutia nguvu heshima kwa haki za binadamu. Kiungani ilikuwa imejaribu kazi hiyo tangu karne iliyotangulia.

Na kwa mzazi anayehofu kwamba haki zitamfanya mtoto kuwa jeuri, liko jibu la Kiafrika. Mwezi Juni 1981 viongozi wa nchi za Afrika walikutana Nairobi na kupitisha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu. Mkataba huo unazitaka serikali zifundishe haki hizo, kisha unataja wajibu wa kila mtu kwa familia yake, jamii yake na nchi yake. Mwaka 1990 ukafuata Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao katika kifungu cha 31 unasema kwamba mtoto ana wajibu wa kuwaheshimu wazazi wake na wakubwa wake. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha haki bila wajibu hajafundisha mkataba wote. Lakini na mzazi anayetaka wajibu bila haki naye ajue kwamba amefunika nusu ya ukurasa kwa kiganja chake. Mkataba huohuo unadai kwamba nidhamu ya mtoto, nyumbani na shuleni, iwe ya kiutu na ya kulinda hadhi yake.

Lugha yetu yenyewe inatusaidia hapa. Neno "muungwana" zamani lilikuwa na maana ya mtu huru, asiye mtumwa. Leo lina maana ya mtu mwenye adabu na moyo mwema. Maneno hayabadiliki bure. Wazee walitambua kwamba alama ya mtu huru si kupaza sauti, bali ni jinsi anavyomtendea mwenzake. Kijana aliyeelewa haki zake vizuri hawi mkorofi, huwa muungwana.

Basi tufundisheje? Tufundishe kwa habari za kweli kabla ya orodha za vifungu. Mtoto wa miaka kumi hawezi kubeba vifungu 30 kichwani, lakini hawezi kumsahau mvulana wa rika lake aliyeuzwa kwa kipande cha nguo. Tuwapeleke vijana wa kipaimara mahali penyewe, inapowezekana: Kanisa Kuu la Zanzibar, Rabai, Bagamoyo. Tuwape karatasi na kalamu, kama walivyopewa wale wa Kiungani, waandike jambo moja waliloliona ambalo halikuwa haki, na tusome walichoandika bila kukasirika. Tuwaache wamhoji Jones, wamhoji na msimamizi mwenye kiboko, kisha watuhoji na sisi.

Kwa maana watatuhoji. Katika nyumba nyingi za waumini yuko binti wa kazi. Wakati mwingine ana miaka 13 au 14, ametoka kijijini kwa ahadi kwamba atasomeshwa, na hajaingia darasani tangu afike. Anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Watoto wa nyumba wanapovaa vizuri Jumapili asubuhi kwenda kufundishwa kwamba watu wote wameumbwa kwa mfano wa Mungu, yeye anabaki akiosha vyombo. Mshahara wake unashikwa na mtu mwingine, na kosa lake dogo linaitiwa kofi. Hatumwiti mtumwa, na kwa sheria si mtumwa. Lakini mtoto wa nyumba ile anamwona kila siku, na huyo binti ndiye kitabu chake cha haki za binadamu. Chochote mwalimu atakachosema kanisani, mtoto atakilinganisha na yanayotendeka jikoni kwao.

Tukitaka somo hili lishike, tuanze na huyo. Tumuulize jina lake alilopewa na wazazi wake, si lile tulilozoea kumwitia. Tujue kwao ni wapi, na tuhakikishe ujira wake unamfikia yeye mwenyewe. Kama umri wake ni wa shule, aende shule, maana ndiyo ahadi aliyopewa. Na Jumapili aketi na watoto wengine katika benchi moja, asikie kwa masikio yake mwenyewe kwamba naye ni mwana wa Adamu. Siku atakapoweza kusimama mbele ya darasa na kusema habari zake, na wenzake wakamsikiliza hadi mwisho, tutakuwa tumeanza kufundisha.